Bibi Carr wa Mugongo: Mlezi wa Watoto Walioogopa Usiku

Tarehe 29 Septemba 2006, mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, alifariki dunia bibi mmoja mwenye umri wa miaka 94. Alizaliwa mbali sana na ziwa hilo, lakini zaidi ya nusu ya umri wake aliutumia chini ya milima ya Virunga, na huko ndiko alikozikwa, katika shamba la Mugongo alilolipenda kuliko mahali pengine popote duniani. Jina lake lilikuwa Rosamond Halsey Carr.

Maisha ya marehemu Bibi Carr yamekwisha kusimuliwa mara nyingi kama maisha ya mkulima wa maua, na kama maisha ya rafiki wa Dian Fossey, yule mtafiti wa masokwe. Leo tunayasimulia kwa sababu nyingine. Katika miaka yake ya mwisho bibi huyu aliishi nyumba moja na watoto waliokuwa wametoka katika maangamizi, na adui mkubwa wa watoto wa namna hiyo, baada ya njaa na maradhi, ni usiku. Hofu ya ghafla inayomwamsha mtu usingizini, moyo ukimwenda mbio na pumzi ikimkatika, ni jambo linalojulikana sana katika nchi ya Rwanda, nalo linahitaji kueleweka na kila mzazi na kila mlezi.

KUZALIWA NA UJANA

Rosamond Halsey alizaliwa tarehe 28 Agosti 1912 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Alipokuwa kijana alifanya kazi mjini New York ya kuchora picha za mitindo ya mavazi. Ilikuwa kazi nzuri, yenye heshima na mshahara, na hakuna aliyedhani kwamba mchoraji yule angekuja kuwa mkulima katika Afrika ya Kati.

Mwaka 1942 aliolewa na Kenneth Carr, Mwingereza aliyekuwa mwindaji na msafiri, na mwaka 1949 mume na mke walihamia Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Wabelgiji. Ndoa yao haikudumu. Wengi walitazamia kwamba mwanamke yule, akiwa sasa peke yake, angefunga mizigo yake na kurudi kwao. Yeye hakurudi. Mwaka 1955 alivuka kuingia Rwanda na kushika usimamizi wa shamba la Mugongo, chini ya mlima Karisimbi ambao kilele chake kina urefu wa mita 4,507. Baadaye alilinunua shamba hilo likawa lake.

MKULIMA WA PARETO

Zao la Mugongo lilikuwa pareto, ua jeupe linalokaushwa na kusagwa ili kutengeneza dawa ya kuua wadudu. Pareto hupenda baridi ya milimani na udongo wa volkeno, na nchi ile ina vyote viwili. Pamoja na pareto, Bibi Carr alipanda maua ya urembo na kuyauza.

Hatuna budi kusema ukweli wote. Bibi Carr alifika katika nchi hizi wakati wa ukoloni, na kuwa kwake Mzungu kulimfungulia milango ambayo ilikuwa imefungwa kwa wananchi waliolima ardhi ile tangu enzi za mababu zao. Hata hivyo, wakoloni walipoondoka na Rwanda ikawa huru mwaka 1962, na walowezi wengi wakaondoka pamoja nao, yeye alibaki. Alibaki katika misukosuko iliyoanza mwaka 1959, akabaki serikali ilipopinduliwa mwaka 1973, akabaki bei ya pareto ilipopanda na ilipoanguka. Mtu aliyekaa naye karibu katika kazi hizo zote alikuwa Sembagare, ambaye alikuja kuwa msimamizi wa shamba na rafiki yake wa maisha.

Mwaka 1967 ndipo Dian Fossey, aliyekuwa ameondoka Kongo kwa sababu ya vita, alipoingia Rwanda kuendelea na utafiti wake wa masokwe, na Bibi Carr akawa miongoni mwa marafiki zake wakubwa. Filamu iliyotengenezwa mwaka 1988 juu ya maisha ya Fossey inamwonyesha pia Bibi Carr, na kwa filamu hiyo watu wengi wa nje walilijua jina lake kwa mara ya kwanza.

MWAKA 1994

Mwezi Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Bibi Carr aliondolewa nchini pamoja na wageni wengine. Sembagare alibaki nyuma, akaponea chupuchupu mikononi mwa wauaji si mara moja.

Mwezi Agosti mwaka huohuo, mauaji yakiwa yamekwisha kukomeshwa, Bibi Carr alirudi Mugongo. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 82. Nyumba yake ilikuwa imeporwa, na kila alichokikusanya kwa karibu miaka 40 kilikuwa kimetoweka. Katika umri ambao binadamu huhesabu wajukuu na kungoja wito wa Mungu, bibi yule aliamua kuanza upya.

Tarehe 17 Desemba 1994 aliligeuza jengo la kukaushia pareto kuwa makao ya watoto yatima. Makao hayo aliyaita Imbabazi. Neno hilo la Kinyarwanda lina maana ya huruma, naye alilitumia kumaanisha mahali ambapo mtoto hupata mapenzi na matunzo yote ambayo angepewa na mama yake. Watoto wa kwanza walikuwa 40 hivi. Kwa miaka iliyofuata walipita mikononi mwake watoto zaidi ya 400, wa pande zote za mgogoro, na hakuna aliyeulizwa kabila lake mlangoni.

USIKU WA WATOTO

Ili kuelewa kazi aliyojitwika, yafaa kujua hali ya watoto wa Rwanda wakati ule. Mwaka 1995 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto liliwahoji watoto 3,030 nchini humo. Walio wengi walikuwa wamefiwa na ndugu wa karibu, wengi walikuwa wameshuhudia watu wakiuawa kwa macho yao, na karibu tisa katika kila kumi walikuwa wamefikia kuamini kwamba wao wenyewe watakufa. Mtoto aliyewahi kuamini hivyo hausahau usiku kwa kupewa blanketi tu.

Wanyarwanda wana neno lao kwa taabu inayofuata maafa ya namna hiyo: ihahamuka. Ni neno linalohusu pumzi na mapafu. Mwenye kupatwa na hali hiyo huhisi kana kwamba hana mapafu tena, hewa haiingii, kifua kimebanwa, na mauti yamesimama mbele yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 na Dk. Athanase Hagengimana na wenzake, uliofanywa miongoni mwa wajane 100 walionusurika, ulionyesha kwamba 40 kati yao walikuwa wamepatwa na mashambulio ya hofu ya mwilini katika muda wa majuma manne tu yaliyopita. Na kati ya hao 40, wajane 35 walikuwa na ugonjwa kamili wa mashambulio ya hofu. Neno la wananchi, kwa hiyo, lilikuwa limeeleza kwa usahihi jambo ambalo madaktari walikuja kulipima baadaye.

Shambulio la hofu la usiku lina tabia zake. Mtu hulala usingizi wake wa kawaida. Baada ya muda wa saa moja hadi tatu huzinduka ghafla, bila ndoto yoyote anayoikumbuka, moyo ukigonga kwa nguvu, jasho likimtoka, mikono ikitetemeka, na pumzi ikimpaa. Hofu hupanda kwa kasi, hufikia kilele chake katika dakika 10 hivi, kisha huteremka yenyewe. Mwenyewe huwa macho na mwenye fahamu, na asubuhi hukumbuka kila kitu.

Hali hiyo haifai kuchanganywa na nyingine mbili. Ndoto mbaya huja zaidi karibu na alfajiri, nayo ina kisa ambacho aliyeota anaweza kukisimulia. Kuweweseka kwa kutisha, ambako huwapata zaidi watoto wadogo, hutokea mapema usiku: mtoto hupiga kelele, huenda akaketi na kufumbua macho, lakini bado amelala, hamtambui mzazi wake, na asubuhi hakumbuki lolote. Mtoto wa namna hiyo hatikiswi wala hagombezwi. Hulindwa tu asijiumize mpaka usingizi umchukue tena. Wazee wetu waliziita hali zote hizi jinamizi, wakazihusisha na pepo. Leo tunajua kwamba mwili wenyewe unatosha kuzieleza.

Ndani ya kila binadamu mna mlinzi. Kazi yake ni kutahadharisha panapo hatari: huuharakisha moyo, huiharakisha pumzi, huikaza misuli tayari kwa kukimbia au kupigana. Lakini mlinzi aliyewahi kuvamiwa hupiga filimbi hata akiona kivuli cha paka. Usiku, mabadiliko madogo ya mwili yanayotokea usingizini, kama moyo kuongeza mwendo au pumzi kubadilika kidogo, humtosha kupiga filimbi yake. Mtu akishaamka na kuanza kuhema kwa kasi, hewa ya kaboni hupungua mno katika damu yake. Kwa sababu hiyo huona kizunguzungu, vidole vikamfa ganzi, akadhani sasa ndiyo anakufa, na hofu ikazaa hofu.

KUHAMIA GISENYI

Mugongo yenyewe haikukaa kwa amani. Katika miaka ya 1997 na 1998 wapiganaji walioitwa abacengezi, waliokuwa wakipenya kutoka Kongo, walishambulia mikoa ya Gisenyi na Ruhengeri, na mara nyingi walikuja usiku. Mwaka 1997 Imbabazi ililazimika kuhama milimani ikateremka mjini Gisenyi. Wakiwa bado huko, mwezi Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, uji wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kukimbilia Gisenyi huku ardhi ikitetemeka chini ya miguu yao.

Bibi Carr hakuwa daktari. Hakusomea elimu ya akili, wala hakuacha nyuma yake andiko la tiba. Alichowapa watoto ni mambo ambayo hayana jina kubwa: chakula cha kila siku, shule, bustani, wakubwa waliofahamika kwa sura na kwa majina, na yeye mwenyewe, bibi kizee aliyekuwapo jana na ambaye kesho angekuwapo. Walipohama alihama nao. Makao yalipobadilika jengo, walezi hawakubadilika.

Mambo hayo madogo ndiyo hasa wanayoyasisitiza wataalamu wa leo. Mlinzi wa ndani hatulizwi kwa hoja saa sita za usiku. Hufundishwa mchana, siku baada ya siku, kwa kuona kwamba jua limechwa na hakuna lililotokea, limekucha na watu ni walewale. Hofu ya usiku hupata tiba yake kubwa mchana.

LA KUFANYA

Msomaji huenda akauliza: je, mimi au mtoto wangu tukipatwa na hali hiyo tufanyeje? Yapo mambo ambayo yamekwisha kuthibitika kuwa na manufaa.

Kwanza, aliyepatwa aende hospitali akapimwe, kwa maana magonjwa ya moyo, pumu, tezi ya shingo, upungufu wa sukari katika damu na kukatika kwa pumzi usingizini huweza kufanana sana na hofu. Maumivu makali ya kifua, hasa kwa mtu mzima, hayangojewi mpaka asubuhi.

Pili, shambulio linapokuja, mtu aketi, aweke nyayo zake sakafuni, na avute pumzi polepole kwa pua, kisha aitoe kwa muda mrefu zaidi ya alioivuta. Atazame vitu vilivyomo chumbani na kuvitaja kimoja kimoja: mlango, kiti, ukuta. Asipigane na hofu wala asiikimbie. Ajikumbushe kwamba ni filimbi ya mlinzi, kwamba imekwisha kupigwa zamani bila ya mauti kuja, na kwamba baada ya dakika chache itanyamaza.

Tatu, usingizi ukikataa kurudi, asibaki kitandani akipambana nao. Aondoke, akae mahali penye mwanga mdogo, afanye jambo jepesi, na arudi anapohisi usingizi. Alale na kuamka saa zilezile kila siku. Kahawa na chai nzito jioni zaongeza hofu. Pombe, ambayo wengi huikimbilia, huleta usingizi wa kuazima ambao hulipwa kwa kuamka katikati ya usiku.

Nne, mashambulio yakizidi kurudi, au mtu akianza kuogopa kitanda chake mwenyewe, atafute wataalamu. Ipo tiba ya mazungumzo inayomzoeza mgonjwa kutoogopa mapigo ya moyo wake, na zipo dawa zinazotolewa na daktari. Zote mbili zimewasaidia watu wengi. Nchini Rwanda huduma za afya ya akili zilishushwa kutoka hospitali kuu ya Ndera hadi katika hospitali za wilaya, ili mwananchi asilazimike kusafiri mpaka Kigali.

Tano, na hili lawahusu walio karibu naye: asichekwe, asiambiwe kwamba ni mwoga, wala asiachwe peke yake gizani. Inatosha kuketi karibu naye na kusema kwa sauti ya chini ni nani aliyepo na kwamba mlango umefungwa.

MWISHO WA SAFARI

Mwezi Desemba 2005 Imbabazi ilirudi Mugongo, mahali ilipozaliwa. Bibi Carr aliishi miezi michache tu baada ya hapo. Alifariki nyumbani kwake Gisenyi, akapandishwa milimani na kulazwa katika udongo wa shamba lake.

Mwaka 2012 serikali ya Rwanda ilipitisha mpango wa kuwaondoa watoto katika makao ya yatima na kuwarudisha katika familia, kwa kuwa imeonekana kwamba mtoto hukua vyema zaidi akiwa na jamaa anaowaita wake. Wapo waliouliza kama mpango huo haukuipunguzia heshima kazi ya Bibi Carr. Sivyo. Mwaka 1994 familia zilikuwa zimevunjwa, na mtu mmoja mzee alijitolea kuwa familia ya wale wasio nayo. Jambo lililowaponya watoto halikuwa jengo la kukaushia pareto. Lilikuwa mtu asiyeondoka. Na mtu wa namna hiyo aweza kupatikana katika kila nyumba.

Wilaya ya Rubavu imeendelea kuzijua taabu za usiku. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena jioni, na kwa siku kadhaa matetemeko yalipasua nyumba za watu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Mwezi Januari 2025 vita vya Goma vilirusha risasi na mabomu mpaka ng'ambo hii ya mpaka na kuua watu. Baada ya kila tukio huhesabiwa nyumba zilizoanguka na maiti zilizozikwa. Lakini wale wanaozinduka saa nane za usiku, wakashika vifua vyao na kusikiliza kama mlima unanguruma, hao hawaandikwi popote.

Watu hao wamo katika kila kijiji, na aghalabu huficha taabu yao kwa kuona aibu. Tukitaka kuyaenzi maisha ya Bibi Carr wa Mugongo, tuanze na huyo aliye karibu nasi: tumuulize asubuhi alilalaje, tumsindikize hospitali ikibidi, na usiku akituita, tuitike.